Suji ya Ngoma

Binti yangu Nithila alikuwa ameshatamka: akishindwa tena jukwaani, ngoma inarudi kwa Mwalimu, na yeye anakwenda kutafuta kazi benki. Alisema hivyo akimenya vitunguu, kwa sauti ya kawaida, na ndiyo maana nilimwamini. Mtu anayetishia hupiga kelele. Nithila aliniuliza tu kama navitaka vikatwe vidogo au vikubwa.

Yaliyompata mwaka uliotangulia hayana urefu. Alikuwa anampigia mwimbaji mmoja kijana mridangam, ngoma yetu ndefu yenye ngozi pande zote mbili, kwenye ukumbi wa hekalu, hapa hapa mtaani kwetu Mylapore. Ikafika zamu ya ngoma kubaki peke yake. Watu wote ukumbini walikuwa wakihesabu mzunguko kwa mkono juu ya paja, kama tufanyavyo siku zote: kofi, vidole, kofi, kugeuza kiganja. Mpigaji hufunga zamu yake kwa fungu moja la mapigo analolirudia mara tatu, na pigo la mwisho halina ruhusa ya kuanguka popote isipokuwa pale wimbo unapoanzia. Nithila alilirudia fungu lake vizuri kabisa, akatua kabla ya wakati. Mikono ya watu ilikuwa bado inageuka hewani. Mwimbaji alikuwa ameshafungua kinywa, akakifunga. Mtu wa mstari wa mbele akafyonya. Hapo vidole vya mwanangu vikafa. Sisemi viliteleza. Vilikufa, vikalala juu ya ngozi kama vidole vya mtu mwingine, na mwimbaji akalazimika kumaliza wimbo bila ngoma.

Nyumbani aliifunika mridangam kwa shuka, akaisukuma chini ya kitanda cha bibi yake, mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Paati. Ikakaa huko na masanduku ya sari za zamani. Jirani wetu wa chini, ambaye kwa miaka alikuwa akigonga dari yake kwa mpini wa ufagio kutunyamazisha, alinisimamisha ngazini akaniuliza kwa upole kama tumepatwa na msiba.

Mimi si mama wa kulia juu ya sanaa. Nina stashahada ya ujenzi, nakagua matangi ya maji ya mji, na tangi likivuja natafuta ufa. Ufa wa Nithila sikuupata. Nilimgombeza, nikamsihi, nikamnyamazia. Baba yake alipiga simu kutoka Nagpur, anakofanya kazi reli, akamsomea hotuba nzima kuhusu kutokata tamaa, na Nithila akaitikia "ndiyo, Appa" huku akikunja nguo. Mwalimu wake, ambaye magoti yalimfanya ahamie kwa dada yake Kumbakonam, hakumwambia chochote. Alitutumia Marnie.

Marnie alitoka Melbourne. Alikuwa mpigaji wa ngoma za kizungu, zile zinazopangwa kumzunguka mtu kama masufuria ya harusi. Umri wake umepita thelathini, na urefu wake ulimfanya agonge kichwa kwenye mlango wa ngazi yetu kila alipopita, kwenda na kurudi. Alikuja na ujumbe wa Mwalimu: mimi nimezeeka, Nithila atakufundisha.

"Mimi sifundishi," Nithila akasema.

"Sawa," Marnie akajibu, akapanda kwenye chumba cha juu tunachopangisha, akaanza kujifundisha mwenyewe.

Haikupita wiki. Tulikuwa mezani asubuhi, na juu ya vichwa vyetu mridangam ya kukodi ilikuwa ikiteswa. Nithila alitafuna, akaacha kutafuna, akafumba macho. Kisha akainuka na dosa yake mkononi, ule mkate mwembamba wa mchele, akapanda ngazi.

"Dada Marnie! Unapiga ngoma au unapiga chapati?"

"Ndivyo walivyofanya kwenye video."

"Video hiyo ilipigwa na mpishi. Shusha bega. Na kabla hujapiga, sema. Mdomo ukishindwa, mkono utajua nini?"

Ndivyo tunavyofundishwa ngoma huku. Kila pigo lina jina lake, na mwanafunzi huyatamka majina kwa mpangilio mpaka yakae ulimini, ndipo anapoigusa ngozi. Tha dhi gi na thom. Tha dhi gi na thom. "Thom" ni ya mkono wa kushoto, sauti nzito ya chini. Nyumba ikajaa silabi tena. Marnie alizitamka akiosha vyombo, akianika nguo, akisubiri chai. Paati, ambaye hajawahi kushika ngoma maishani mwake, akajipa kazi ya kumrekebisha ulimi.

"Mbele, mtoto, mbele ya meno! Unasema 'dhi' kama mtu mwenye pera zima mdomoni."

"Dhi," Marnie akasema.

"Sasa una nusu pera."

Ngoma ya Nithila ilitoka chini ya kitanda, kwa sababu huwezi kumwonyesha mtu bila kupiga. Mimi nilipita pale sebuleni nikajifanya natafuta miwani. Najua kunyamaza pia, nikilazimika.

Na Marnie naye alikuwa na ya kufundisha, ingawa Nithila aliyapokea kama dawa chungu. Jioni moja Nithila alikosea pigo, akasimama ghafla, akaanza upya. Akakosea tena, akaanza upya tena.

"Kwa nini unasimama?" Marnie akamuuliza.

"Nimekosea."

"Kwetu, ukikosea, unalirudia kosa lile lile mzunguko unaofuata. Watu watadhani ulikusudia."

"Huo ni uongo!"

"Mara ya kwanza ni kosa. Mara ya pili ni muziki."

"Mwalimu angekutupa nje na viatu vyako," Nithila akasema, lakini nilimwona akitabasamu.

Bi Hemavathi, mwimbaji tunayefahamiana naye tangu zamani, alikuja siku moja kunywa kahawa, akawasikia kutoka sebuleni. Msimu wa muziki wa Desemba ulikuwa umekaribia. Alikuwa amepewa nafasi ya alasiri kwenye ukumbi mmoja mdogo, saa ambazo hakuna kiingilio na nusu ya wasikilizaji wamekuja kusinzia chini ya feni. Akawataka wote wawili nyuma yake, Nithila na Marnie. Nithila hakukubali mpaka kesho yake. Ndipo aliposema yale maneno ya benki, akimenya vitunguu.

Kizingiti kikawa katibu wa ukumbi, Bwana Seshan. Aliniita mezani kwake akanitazama kama mtu aliyeletewa mbuzi ofisini.

"Mama Nithila, nasikia huyu mgeni ana ngoma ya kukanyaga kwa mguu."

"Ndivyo ilivyoundwa, bwana."

"Mimi mguu wangu ukigusa hata gazeti, naligusa kwa vidole nikaviweka machoni kuomba radhi. Yeye anaipiga teke ngoma mbele ya taa ya mungu, halafu anataka tumpigie makofi?"

Marnie, aliyesimama nyuma yangu, hakubisha. Alisema ngoma kubwa ni lazima ije, kwa kuwa zile ndogo zimefungwa juu yake, lakini ataondoa pedali na hataigusa kwa mguu. Bwana Seshan akaandika kwenye karatasi "bila mguu" na kupiga mstari chini yake.

Ikabaki suji, ule unga wa ngano wa chengachenga. Upande wa kushoto wa mridangam hubandikwa donge la suji iliyokandwa na maji, katikati ya ngozi. Ndilo linaloipa "thom" uzito wake. Likikosekana, upande ule hulia kama ndoo tupu. Kila onyesho hubandikwa jipya, na baadaye hukwanguliwa. Mimi mwenyewe nilinunua suji dukani, nikaiacha kwenye meza ya jikoni, nikaenda kazini. Asubuhi ya onyesho nilikuta imeshatiwa kwenye kopo safi lenye kifuniko. Nikafurahi kwamba kuna mtu ndani ya nyumba mwenye mpangilio, nikalibeba.

Kwenye chumba cha nyuma ya jukwaa Nithila alichovya vidole akaanza kukanda. Mikono yake ilikuwa baridi. Niliigusa, ndiyo maana najua.

"Amma, suji hii mbona haishikani?"

"Ongeza maji."

"Nimeongeza."

"Ongeza tena. Au unataka nikuletee saruji?"

Bwana Seshan akachungulia mlangoni. "Mama, dakika zangu zinakwisha! Mwimbaji ameshakaa!"

Nithila akaongeza maji, akalibandika donge, akalisawazisha kwa kidole gumba. Likashika. Akapiga mara moja, sauti nzito ikatoka, na wote watatu, hata Bwana Seshan, tukapumua.

"Usikae mbele," akaniambia.

"Nikae wapi, barabarani?"

"Haya, kaa mbele. Lakini usihesabu kwa mkono, Amma. Unahesabu kama unanigombeza."

Basi nikakaa mstari wa mbele, nikaikalia mikono yangu.

Bi Hemavathi aliimba vizuri. Nithila alimfuata kama kivuli, bila kujionyesha, na Marnie aligusa ngoma zake ndogo kwa vijiti vyembamba, kwa adabu, kama mtu anayekula nyumbani kwa wakwe. Ukafika wimbo mkubwa wa katikati. Bi Hemavathi akauimba hadi mwisho wa ubeti, akawageukia, akawapa ishara kwa kiganja: chukueni.

Zamu ya ngoma ikianza, ukumbi hunyanyuka. Si chuki, ni mazoea. Watu wetu husubiri wakati huo kwenda kantini kabla foleni haijawa ndefu. Siku zote nimewaona watu hao hawana heshima. Siku ile nilitamani waende wote, hata wazee wenye fimbo, wabaki viti tu. Viti vikagonga, viatu vikatafutana, mlango wa nyuma ukaanza kufunguka na kuleta harufu ya kahawa.

Nithila akapiga mzunguko wake, Marnie akajibu. Nithila akapiga, Marnie akajibu. Mabega ya mwanangu yalikuwa chini, mahali pake. Nikaanza kufikiria kahawa mimi pia.

Kisha nikaona kitu cheupe kikianguka juu ya sari yake ya kijani.

Kipande cha kwanza kilikuwa kidogo kama ukucha. Cha pili kilikuwa nusu ya donge. Joto la taa na upepo wa feni vilikuwa vimelikausha, na sasa kila akipiga kushoto suji ilipasuka na kumwagika mapajani mwake. Pigo lililofuata likalia ndoo. Mimi nikalisikia, Bi Hemavathi akalisikia, na waliokuwa mlangoni wametugeuzia migongo wakageuza vichwa. Kusimama kubandika upya haiwezekani, mzunguko unatembea na mikono ya watu inauhesabu. Na hata angesimama, suji nyingine ilikuwa ile ile ya kwenye kopo.

Nikautazama uso wake. Ulikuwa uso wa mwaka jana. Midomo imebanwa, macho yameganda kwenye vidole. Mkono wa kushoto ukainuka kutoka kwenye ngozi, ukabaki juu, haujui uende wapi. Nikasema moyoni, basi, benki.

Lakini mkono wa kulia haukusimama. Uliendelea peke yake, sauti zake nyembamba na kali, na kila palipostahili "thom" pakawa na shimo. Tha dhi gi na, kimya. Tha dhi gi na, kimya. Mzunguko ukaisha. Ukaanza mwingine, na mashimo yakarudi mahali pale pale, moja baada ya jingine, sasa bila kutetemeka. Mzee mmoja aliyekuwa anatafuta kiatu chake chini ya kiti akainua kichwa.

Mzunguko wa tatu, Nithila akafungua mdomo.

"Thom!" akasema ndani ya shimo.

Alisema kwa sauti ile anayomwitia muuza maziwa kutoka dirishani. Na hakuwa anatuambia sisi. Alikuwa anamtazama Marnie.

Marnie alimtazama, akatazama suji kwenye sari, akaelewa. Akaweka vijiti chini. Akashuka kwenye kigoda chake, yule mwanamke mrefu kama mlingoti, akakaa chini jukwaani, akakunja miguu kama sisi, magoti yake yakitokeza huku na huku, akaisogelea ngoma kubwa. Bwana Seshan akanyanyuka nusu kwenye kiti chake pembeni. Marnie akainua kiganja cha kushoto, wazi, bega likiwa chini, na kukishusha.

Thom.

Nilihisi pigo lile kwenye ubao wa kiti. Bwana Seshan akaangalia miguu ya Marnie, akaiona imekunjwa vizuri chini ya magoti, akakaa.

Kuanzia hapo ilikuwa ngoma moja yenye watu wawili. Nithila alitamka na kupiga kulia, Marnie alijibu kushoto. Nithila akaongeza mwendo, silabi zikamtoka kama dengu zinazomwagwa sahanini, na kila alipoacha nafasi, kile kiganja kikubwa kiliijaza. Mara moja Marnie alichelewa kidogo. Nithila akamtolea macho. Mzunguko uliofuata Marnie akachelewa vile vile, kwa makusudi, na Nithila akacheka jukwaani, meno nje. Mwalimu angesemaje, sijui. Waliokuwa mlangoni hawakutoka. Walisimama pale pale, mkono mmoja umeshika mlango na mwingine unapiga paja.

Ukafika mwisho. Nilijua umefika, kwa sababu Nithila alinyoosha mgongo. Fungu la kufungia, mara tatu, na pigo la mwisho mahali pake au tumekwisha. Mara ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Kwenye ya tatu nilifumba macho, na mimi hufumba macho kwa daktari wa meno peke yake. Tha dhi gi na thom, tha dhi gi na thom, tha dhi gi na

thom.

Na sauti ya Bi Hemavathi ilikuwa pale, imepanda juu ya pigo lile lile kama mtu anayepanda ngazi aliyoijenga mwenyewe. Wimbo ukarudi. Ukumbi ukapiga kelele. Mzee wa kiatu alikuwa ameinua mikono yote miwili, kiatu kikiwa kwenye mmojawapo. Nilipoteremsha macho nikakuta mkono wangu wa kulia umetoka chini yangu, sijui saa ngapi, na paja linauma. Nilikuwa nimehesabu mzunguko mzima kwa nguvu za kufulia blanketi.

Kantini tulipata meza kwenye kona. Nithila alikuwa bado na suji kwenye sari. Nilichukua chembe mbili nikazisaga kwa kidole, nikanusa. Nikampigia simu Paati.

"Suji ile uliifanya nini?"

"Kwanza niambie mtoto amepigaje."

"Amepiga vizuri. Suji uliifanya nini?"

"Niliikaanga," Paati akasema. "Msimu huu suji isipokaangwa inaingia fukusi siku mbili tu. Hukufundishwa kwenu? Nikatia na samli kidogo, inukie."

"Samli! Paati, ilikuwa suji ya ngoma!"

"Ungeiandika jina. Na ingetoka fukusi jukwaani, ungemlaumu nani?"

Nithila aliinyakua simu, akajaribu kusema, akashindwa. Alikuwa anacheka mpaka amelaza paji la uso mezani, na Marnie alipotafsiriwa akaanza naye, meza ikatikisika na bilauri za kahawa zikagongana. Nilingoja wamalize. Ilichukua muda.

Bwana Seshan akaja na sahani yake ya vada, zile bajia za dengu, akasimama juu yetu, akakohoa.

"Nithila, ile mbinu ya kuacha mapengo kushoto, halafu ngoma nyingine iyajaze. Hiyo ni ya Mwalimu wako?"

Nithila akajifuta machozi, akaweka uso wa mtu mzima. "Tuliifanyia mazoezi sana, bwana."

Marnie alipaliwa na kahawa. Nikampiga mgongoni.

"Mwakani mtapewa saa ya jioni," Bwana Seshan akasema. Akamtazama Marnie kwa muda. "Bila mguu," akaongeza, akaenda zake.

Nithila alikuwa anakula kwa mikono ile ile iliyokuwa baridi, na sasa ilikuwa myekundu, imevimba kidogo vidoleni, imepakaa chatini ya nazi. Nilikuwa na swali moja tu, na nilikuwa naogopa kuliuliza, kwa hiyo nikapanga bilauri.

"Amma," akasema mdomo umejaa, "siku nyingine suji usiiache jikoni. Iweke ofisini kwako."

"Ofisini kwangu kuna mende."

"Afadhali mende kuliko Paati."

"Siku nyingine ipi?" nikamuuliza bila kumtazama.

"Bi Hemavathi anakwenda Tiruchi mwezi ujao. Ameniomba nimpigie."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia nitakwenda, lakini suji nitanunua huko huko."

"Kula dosa yako," nikasema. Akanionyesha sahani. Haikuwa na kitu, na wala si yeye aliyeimaliza; vidole vyangu mimi ndivyo vilivyokuwa na chatini. Nikamwita mhudumu nikaagiza nyingine tatu.